Waya wa stima hadi esaiga: pima kabla ya kuvuta

KILA Desemba kuna kazi moja ambayo familia nyingi za mjini huifanya mashambani bila kuitafakari. Gari likishaegeshwa nyumbani kwa nyanya kule Nyansiongo, Keroka au Ogembo, salamu zikiisha na mizigo ikiteremshwa, swali linalofuata ni la stima. Nyumba kubwa inayo, ile ya pili ambako wageni watalala haina. Basi waya hutolewa kwenye buti, ukapitishwa dirishani, ukavuka ua, ukapita kati ya migomba na kuingia kule kwingine. Kabla giza halijatanda simu zinachajiwa, redio inaimba, na birika la stima linachemsha maji ya chai.

Hilo birika ndilo linalonitia wasiwasi.

Simu na redio ni wageni wasio na gharama. Chaja ya simu hula wati chache tu, pengine kumi au ishirini. Birika hula wati 2,000 na zaidi. Kuvipitisha vyote kwa waya ule ule mwembamba ulionunuliwa kwa ajili ya taa ni sawa na kuchukua kamba ya kufungia kuku ukainingʼiniza gunia la mahindi. Huenda ikavumilia kwa muda, lakini usisimame chini yake.

Tatizo hili lina chanzo chake. Mradi wa Last Mile uliozinduliwa mwaka 2015 ulishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000 kwa wale waliokuwa umbali usiozidi mita 600 kutoka kwa transfoma. Huku Gusii, ambako boma zimebanana mlimani hata jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kutoka nje, transfoma moja huwa karibu na watu wengi. Waliokuwa na nyumba ndogo zisizotandazwa nyaya waliwekewa kile kibao chenye soketi na balbu ambacho mafundi hukiita redibodi. Ni jambo jema lililowatoa wengi kwenye koroboi. Ila mita ilikuwa moja, nayo boma ina nyumba kadha: ya wazazi, jiko la nje, zizi la ngʼombe wa maziwa, na esaiga.

Kwa msomaji asiyetoka sehemu hizi, esaiga ni nyumba ya wavulana. Tangu jadi mvulana wa Kigusii akishatahiriwa halali tena kwa mamake, huhamia huko. Msimu wa tohara ni wakati wa likizo ya Novemba na Desemba, na hapo ndipo vijana hukaa ndani wakitunzwa mpaka wapone. Zamani kilichochungwa usiku kucha ni moto wa esaiga usizimike. Siku hizi kinachochungwa ni chaji ya simu. Vijana wanne watano wamelala kwenye magodoro, mlango umefungwa kwa ndani, na kando ya ukuta kuna ekstensheni iliyobeba kila kitu kuanzia spika hadi jiko la stima. Hapo, msomaji, si mahali pa kubahatisha.

Hesabu nyepesi

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Ukitaka kujua kifaa kinavuta mkondo kiasi gani, chukua wati zilizoandikwa nyuma yake uzigawe kwa 240. Birika la wati 2,200 linavuta zaidi kidogo ya ampea tisa. Pasi ya wati 1,200 inavuta ampea tano. Televisheni ya kisasa haifiki nusu ampea. Mwanafunzi wa shule ya upili aweza kuifanya hesabu hii, na ningependa umpe yeye aifanye. Atakumbuka kuliko ukimkaripia.

Plagi yetu ya miguu mitatu imewekewa fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani wati 3,120 kwa jumla. Birika na pasi kwa pamoja ni ampea 14. Wengi husema, "Ah, fyuzi itakatika yenyewe." Hasha! Fyuzi ya ampea 13 haikatiki mara tu mkondo unapofika 14 au 15. Huweza kuvumilia kwa muda mrefu sana, na wakati huo wote waya mwembamba unapashwa moto polepole kama mhindi kwenye makaa. Fyuzi hiyo haijui umenunua waya gani.

Kwa hivyo ukifika dukani Daraja Mbili au pale stendi ya Nyamira, usiulize bei kwanza. Soma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa waya. Utaona idadi ya nyuzi za ndani na unene wake kwa milimita za mraba. Waya laini wa 0.75 ni wa ampea sita hivi. Wa 1.0 ni wa kumi, wa 1.25 ni wa 13, wa 1.5 ni wa 16, na ule wa 2.5 hufika ampea 25 ukiwa umenyooshwa mahali penye hewa. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya wa 0.75 au hata chini ya hapo, ilhali kichwani kuna soketi nne, tano au sita zinazokualika uzijaze. Waya usio na maandishi yoyote uache dukani. Sina subira na mwenye duka anayesema kwamba "yote ni sawa tu".

Halafu hesabu nyuzi za ndani. Zinatakiwa tatu. Wa kahawia huleta stima, wa buluu huirudisha, na wa kijani chenye mistari ya manjano huenda ardhini. Huo wa tatu hauna kazi siku zote ila siku moja, nayo ni siku ambayo stima imevuja ikagusa bati la birika au mwili wa pasi. Ukiwapo, mkondo hukimbilia ardhini na swichi kuu hukatika. Usipokuwapo, mkondo hukaa kwenye bati ukingoja mkono. Kuna ekstensheni sokoni zenye tundu tatu safi kwa nje lakini ndani mna nyuzi mbili pekee, na tundu la tatu ni pambo. Ichomoe kutoka ukutani, ifungue kwa bisibisi, utazame. Dakika mbili zatosha.

Kuna udanganyifu mwingine ambao hauonekani kwa macho. Nyaya zingine ni za alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba, kwa hivyo waya huo hupata joto haraka kuliko unene wake unavyoahidi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ile ya kupakwa hugeuka nyeupe. Alama ya ubora ya KEBS nayo hubandikwa pamoja na nambari ya idhini, na nambari hiyo yaweza kuhakikishwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Itumie, maana kibandiko peke yake mtu yeyote aweza kukichapisha.

Umbali nao hula stima

Wengi hudhani kwamba kama waya unafika, stima nayo inafika. Kwa kweli kila mita hupunguza kidogo. Chukua esaiga iliyo mita 40 kutoka nyumba kubwa, na lile birika la ampea tisa. Kwa waya wa 2.5, utapoteza volti sita hivi njiani. Kwa waya wa 1.5, kama volti kumi. Kwa wa 0.75 utapoteza zaidi ya 20, na nguvu hiyo haikwenda popote ila kuupasha joto waya wenyewe, urefu wake wote, pamoja na ile sehemu iliyopita chini ya zulia au nyuma ya godoro.

Kwa mashine yenye mota hali ni mbaya zaidi. Wafugaji wengi wa Nyamira wana mashine ya kukatia majani ya ngʼombe. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida, na kama volti zimeliwa njiani hunguruma tu bila kuzunguka, hatimaye ikatoa moshi. Mwenyewe hulaumu mashine. Fundi huilaumu pia, kwa sababu anapata kazi ya kuisuka upya. Waya uliosababisha hayo unarudi kwenye msumari wake kama kwamba hauhusiki.

Ukiwa na ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu, iondoe yote kabla ya kuiwasha, hata kama unahitaji mita tano tu. Waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto. Kila mzunguko humpasha mwenzake mpaka plastiki inayeyuka na nyuzi kugusana. Magurudumu mengine yameandikwa viwango viwili vya wati, cha waya ukiwa umekunjwa na cha waya ukiwa umefunguliwa, nawe utaona kwamba cha kwanza ni kidogo mno. Ukishindwa pa kuuweka waya uliobaki, utandaze nyasini kwa mizunguko mipana, mbali na njia ya watu.

Wazungu wenye magari ya kulala, wale wanaosafiri na nyumba yao barabarani, wamelitatua jambo hili kwa nidhamu ambayo naona inafaa kuigwa. Katika viwanja vyao vya kambi huko Uingereza na kwingineko Ulaya, waya unaokubalika aghalabu ni wa nyuzi tatu zenye unene wa 2.5, rangi ya machungwa ili uonekane nyasini, urefu wa mita 25, na vichwa vya buluu vya ampea 16 vyenye vifuniko vya kuzuia maji. Hufunguliwa wote. Huchomekwa kwanza kwenye gari na mwisho kwenye nguzo ya stima. Wakati wa kuondoka huchomolewa kwanza kwenye nguzo. Kwa nini? Kwa sababu hivyo hakuna wakati ambapo mtu anatembea akishika mwisho wa waya ulio na stima. Nawe ukipeleka waya kwenye hema la matanga au esaiga, anza huko unakokwenda, umalizie ukutani.

Usiufunge kwenye mgomba

Sasa tuje kwa njia ya waya, ambako makosa ya huku kwetu ni ya kipekee.

Mgomba si nguzo. Una maji tele ndani yake, huinama ukizaa, na upepo wa mvua ya alasiri huuangusha bila taarifa. Hata hivyo ndiko nyaya nyingi zinakofungwa. Kuupitisha waya chini ndani ya majani ya ngʼombe ni vibaya vile vile. Anayekuja kukata majani asubuhi na panga hajui kwamba jana usiku mlipitisha kitu. Kama ni kwa siku moja mbili, uinue juu ya vichwa vya watu kwa fito imara na kavu, usiunyooshe hadi ukakaza kama uzi wa gitaa, na umwonyeshe kila mtu wa boma, hasa nyanya na anayechunga ngʼombe.

Kwenye ukuta wa mabati ndiko ninakoogopa zaidi. Fundi wa papo kwa papo hutoboa bati kwa msumari, akapenyeza waya na kuondoka. Ukingo wa bati ni wembe. Upepo ukitikisa waya miezi mitatu, ngozi yake inachubuka, shaba inagusa bati, na nyumba nzima, kuanzia paa hadi kitasa, inakuwa na stima. Anayekuja kushika mlango akitoka bafuni na miguu mitupu hana habari. Tia kipande cha paipu ya plastiki kwenye tundu, waya upite ndani yake. Hata mpira wa kumwagilia maji uliochakaa utafaa.

Mvua ya Kisii mnaijua. Asubuhi jua, saa tisa radi. Kichwa cha ekstensheni ya ndani hakikuumbwa kwa ajili ya nje, na kukivisha mfuko wa plastiki hakukisaidii sana kwa kuwa unyevu hukaa humo humo. Kiweke juu ya stuli chini ya paa, tundu zisielekee mbinguni. Radi ikianza kunguruma chomoa kabisa, maana waya mrefu uliotandazwa nje ni mwaliko, na swichi iliyozimwa haiizuii radi. Wachongaji wa mawe wa Tabaka nao nawaomba walisikie hili. Mawe yale husuguliwa kwa maji, na siku hizi baadhi yao hutumia mashine za stima kukatia na kulainishia. Beseni la maji na mashine ya stima visikae benchi moja.

Viungo vya waya vilivyofungwa kwa selotepu au karatasi ya nailoni sitavijadili. Vikate.

Kuna waya mmoja ambao ningeupiga marufuku kama ningekuwa na uwezo, nao ni ule wenye plagi za miguu kwenye ncha zote mbili. Hutengenezwa na watu wanaotaka kuingiza stima ya jenereta ndani ya nyumba kupitia soketi ya ukutani, hasa wakati wa matanga stima ikipotea. Kwanza, ncha moja ikichomoka ile miguu ya shaba iliyo wazi ina volti 240. Pili, kama swichi kuu haikuzimwa, stima ya jenereta hutoka kupitia mita hadi kwenye transfoma, ambayo huigeuza kuwa maelfu ya volti kwenye laini. Kule juu ya nguzo kuna mfanyakazi wa Kenya Power anayetengeneza laini akiamini imekufa. Mwisho unaoleta stima siku zote uwe wa matundu, kamwe usiwe wa miguu. Jenereta ina soketi zake. Chomeka huko taa na kipaza sauti moja kwa moja.

Swichi inayolinda mtu

Zile swichi za kawaida kwenye kisanduku cha stima hulinda nyaya zisiungue. Hazimlindi mwanadamu. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia robo ya ampea, na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho ikipita kifuani yatosha kuusimamisha moyo. Swichi inayomlinda mtu ni ile inayolinganisha stima inayokwenda na inayorudi, zikipishana kwa sehemu 30 za elfu za ampea, hukata mara moja, kabla hujamaliza kusema "uwi!" Ina kitufe kidogo chenye herufi T cha kuijaribu. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Isipokatika, imekufa. Kama kisanduku chenu hakina swichi hii, zipo za kuchomekwa ukutani kabla ya ekstensheni, na kwa waya wowote unaokwenda nje ya nyumba mimi naihesabu kuwa sehemu ya bei ya waya.

Lakini ekstensheni ni kitu cha siku mbili tatu. Ikiwa kijana wa KCSE atasoma katika esaiga mwaka mzima, au mmeamua mashine ya majani ikae zizini, acheni kuvuta na mfanye kazi ya kudumu. Kazi hiyo ni waya wenye ganda la chuma unaofukiwa nusu mita au zaidi chini, mahali ambapo jembe halifiki, ukiwa na swichi yake kwenye kisanduku kikuu na kisanduku kidogo kule unakoingia. Ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, umwombe akuonyeshe leseni hiyo. Akikasirika, tafuta mwingine. Najua gharama ni kubwa kuliko ekstensheni. Baba mmoja wa Nairobi aweza kuitoa peke yake kwa kuacha vinyweshaji vya Krismasi moja. Wengine watachanga ndugu kwa ndugu. Hita ya bafu ya kuchemsha maji papo hapo, ambayo huvuta zaidi ya ampea 20, haina ekstensheni yake duniani. Ni ya waya wake pekee kutoka kisandukuni.

Na kumpitishia jirani stima kwa mita yako ili akulipe kila mwezi ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 hairuhusu kuuza stima bila leseni, na ajali ikitokea kwake, maswali yatakuja kwako.

Mtu akinaswa na stima, usimguse. Wengi waliokufa wakiwa wawili, wa pili alikuwa akimwokoa wa kwanza. Kimbia ukazime swichi kuu au uchomoe plagi. Ikiwa haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Asipopumua, mbonyezeni kifua katikati, kwa nguvu na kwa kasi, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Hata akiinuka na kucheka, mpelekeni hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira achunguzwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa stima huunguza ndani bila kuacha alama kubwa kwenye ngozi na huweza kuuvuruga mpigo wa moyo. Moto ukiwaka kwenye waya, maji yasimwagwe kabla stima haijazimwa. Mchanga mkavu utafaa.

Waya uliohusika usirudi kazini hata ukionekana mzima. Ukate vipande vifupi na plagi yake uing'oe, maana ukiutupa mzima nyuma ya jiko kuna mtoto atakayeuokota na kuuchomeka.